Jeni Tunazo, Njia Je? Kuhusu Kufikisha Tiba ya Jeni Ndani ya Kibofu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, madaktari na wauguzi, wafamasia, wanafunzi, na ninyi wagonjwa na jamaa zenu mlioitikia mwaliko, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie tiba ya jeni, yaani kuingiza jeni kwenye seli ili ifanye kazi ya dawa, kwa saratani ya kibofu cha mkojo. Kuhusu jeni zenyewe nitasema machache. Nyingi zinafanya kazi vizuri kwenye sahani ya maabara, na zimekuwa zikifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 25. Kinachotutoa jasho ni kuzifikisha. Jeni iwe bora namna gani, ikibaki inaelea kwenye mkojo, saa moja baadaye imo chooni, na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo leo tuzungumzie njia. Na ndani ya hiyo njia kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu watafiti wamelielewa kwa kuchelewa: ukishajua njia yako ni finyu kiasi gani, chagua jeni ambayo kazi yake itaonekana hata ikiingia kwenye seli chache tu.

Tuanze na ugonjwa. Mwaka 2022 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya wapatao 614,000 wa saratani hii, na waliokufa kwayo walikuwa kama 220,000. Wanaume wanaugua mara tatu au zaidi kuliko wanawake, na sigara ndiyo mchochezi mkubwa kuliko wote. Wengi wao, karibu watatu katika kila wanne, hugunduliwa wakati ugonjwa bado uko kwenye utando wa ndani na haujaingia kwenye msuli wa kibofu. Hii ni bahati, lakini ni bahati yenye masharti. Uvimbe hukatwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mrija wa mkojo, mgonjwa anarudi nyumbani, kisha unaota tena. Unakatwa, unaota. Kuna aina nyingine isiyoota kinundu kabisa. Inatambaa bapa juu ya utando, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu kisu hakina pa kushika.

Kwa aina hizo za hatari, dawa iliyotuvusha kwa miongo mingi ni BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu. Mwaka 1976 Alvaro Morales na wenzake huko Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa 9 waliomiminiwa BCG ndani ya kibofu, na tangu hapo dunia nzima imefuata. Bakteria hao waliopunguzwa nguvu huamsha kinga ya mwili pale pale ugonjwa ulipo. Lakini wako ambao BCG haiwasaidii, au inawasaidia kisha ugonjwa unarudi. Wengi wa hao, kwa muda mrefu, waliambiwa jambo moja tu: kibofu kitolewe. Ni upasuaji mkubwa, na baada yake mtu huishi na mfuko wa mkojo tumboni au na kibofu kilichoshonwa kwa kipande cha utumbo. Hapo ndipo tiba ya jeni ilipoitwa.

Kwa nini kibofu? Ukikitazama kwa macho ya mtafiti wa tiba ya jeni, kinavutia sana. Kiko wazi ndani, kinafikiwa kwa mpira wa mkojo bila kisu, unaweza kukichungulia kwa kamera na kuona dawa imefanya nini, na zaidi ya yote kimetengwa na mzunguko wa damu. Hili la mwisho si dogo. Mwaka 1999, huko Marekani, kijana wa miaka 18 alifariki baada ya kudungwa adenovirusi, aina ya virusi vinavyotumika kama vibebaji, zilizobeba jeni kwenye mshipa wa damu unaokwenda kwenye ini. Mwili wake ulizipokea kama shambulio, na kinga ikalipuka. Tukio lile lilisimamisha majaribio mengi na kuwafanya watu waulize maswali ambayo yalipaswa kuulizwa mapema. Kibofu kilionekana kuwa mahali salama pa kuanza upya, maana kinachomiminwa humo hubaki humo mpaka kitolewe.

Sasa tazameni kejeli iliyopo. Sifa ile ile inayokifanya kibofu kiwe salama ndiyo inayokifanya kiwe kigumu. Kibofu kimeumbwa kisipitishe kitu. Kazi yake ni kushikilia taka ambazo figo zimehangaika kuzichuja, na kuzizuia zisirudi kwenye damu. Ukitaka kujua kimeumbwa vizuri kiasi gani, kaa na mkojo wako kwa muda wa saa tano usiku, asubuhi damu yako iko salama salimini.

Ukuta wake wa ndani una tabaka kadhaa za seli. Zile za juu kabisa, zinazogusana na mkojo, zinaitwa seli mwavuli. Ni kubwa, na zimebanana kama vigae vya paa. Upande wao wa juu umefunikwa na mabamba magumu ya protini ziitwazo uroplakini, na kati ya seli moja na jirani yake kuna vifungo vilivyokazwa kiasi kwamba hata maji na urea hupita kwa shida. Juu ya yote hayo kuna utelezi, yaani utando wa sukari zilizounganishwa kwenye minyororo mirefu, unaovuta maji na kukataa chembe zisinate. Adenovirusi, ambayo ni kibebaji kilichotumika zaidi katika kazi hii, ina upana wa takriban nanomita 90. Kwa binadamu hiyo si kitu. Kwa utelezi huu ni mzigo mkubwa.

Halafu kuna mkojo wenyewe. Figo za mtu mzima hutengeneza kama mililita 1 kwa dakika, wakati mwingine zaidi. Ukimimina mililita 75 za dawa na kumwambia mgonjwa akae nazo saa nzima, ifikapo mwisho wa saa ameongeza mililita 60 za mkojo. Dawa imezimuliwa karibu nusu kwa nusu, ndani ya maji ambayo leo yana asidi na kesho hayana, yenye chumvi na urea. Kisha anakojoa, na muda wa kazi umekwisha. Anayetengeneza kidonge ana siku nzima ya kusubiri. Sisi tuna saa moja.

Kuna kikwazo cha tatu, na hiki kilitushangaza. Adenovirusi aina ya 5 haiingii kwenye seli kwa nguvu. Inatafuta kipokezi maalumu juu ya seli, kiitwacho CAR, kilichotambuliwa mwaka 1997. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba seli za saratani ya kibofu, hasa zile za daraja la juu, mara nyingi zimepoteza kipokezi hicho. CAR husaidia seli kushikana na wenzake, na seli inayojiandaa kutangatanga haina haja nacho. Kwa hiyo kadiri saratani inavyozidi ukali, ndivyo mlango wa kirusi unavyozidi kufungwa. Zile seli tulizotaka kuzifikia kuliko zote ndizo ambazo kirusi hakizioni.

Watafiti wamejaribu kuzunguka hilo kwa njia kadhaa. Wapo waliobadilisha miiba ya kirusi, wakaweka ile ya adenovirusi aina ya 35 ambayo hushika kipokezi kingine, CD46. Wapo waliobandika kipande kidogo cha protini kinachoshika integrini, protini za juu ya seli ambazo seli za saratani huwa nazo. Wapo pia waliotumia dawa zinazoilazimisha seli kukirudisha kipokezi cha CAR. Zote ni kazi nzuri za maabara. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ndani ya dawa ya kibofu iliyoidhinishwa leo.

Dawa iliyoidhinishwa ilipita njia nyingine, na nataka tukae hapo kidogo.

Majaribio ya mwanzo kwa binadamu, mapema miaka ya 2000, yalitumia jeni ya p53. Wanafunzi mnaijua: ni jeni inayosimamisha seli iliyoharibika au kuiamuru ife, na katika saratani nyingi imevunjika. Wazo lilikuwa safi kabisa: irudishe jeni nzima kwenye seli iliyoipoteza. Majaribio yalionyesha kwamba kumimina kirusi kibofuni kunavumilika, na kwa baadhi ya wagonjwa jeni ilionekana imeingia kwenye vinyama vilivyochukuliwa kupimwa. Hata hivyo p53 haikufikia kuwa dawa ya kibofu. Fikirieni inachodai. p53 hufanya kazi ndani ya seli iliyoipokea. Jirani yake hapati kitu. Ili uimalize saratani kwa njia hiyo, unapaswa kuifikia kila seli mbaya, na nimekwisha kuwaeleza ukuta tunaoukabili. Mpango unaodai kufika kila mahali, ndani ya kiungo kilichoumbwa kisifikike, ulikuwa na tatizo tangu kwenye karatasi.

Sasa linganisheni na interferoni alfa. Hii ni protini ambayo seli huimwaga nje. Seli moja ikipewa jeni yake, inaanza kuitengeneza na kuwasambazia majirani. Interferoni huzuia seli za saratani zisigawanyike, hukatiza mishipa midogo ya damu inayozilisha, na huita seli za kinga. Na hapa ndipo penye uzito: seli inayoitengeneza si lazima iwe ya saratani. Hata seli mwavuli yenye afya, iliyoipokea jeni kwa bahati, inageuka kuwa kiwanda kidogo kinachofanya kazi dhidi ya ugonjwa ulio kando yake. Kufika kwa wachache kunatosha kuanza.

Kumimina protini ya interferoni yenyewe kibofuni kulikuwa kumejaribiwa miaka mingi kabla, na mafanikio yalikuwa haba. Sababu ni ile ile ya saa moja: inamiminwa, inakojolewa. Jeni inabadilisha hesabu hiyo kwa sababu kiwanda kinabaki ukutani baada ya dawa kutoka. Kundi la William Benedict katika kituo cha MD Anderson, Houston, lilionyesha mwaka 2004 kwa panya kwamba jeni iliangamiza hata uvimbe wa seli ambazo protini ya interferoni haikuziweza. Baadaye, katika jaribio la kwanza kwa binadamu lililoongozwa na Colin Dinney wa kituo hicho hicho, interferoni ilipimwa kwenye mkojo wa wagonjwa, na dozi ilipoongezwa, nayo iliongezeka.

Lakini bado ilibidi wachache hao wafikiwe. Watafiti walianza kwa kulegeza utelezi na vifungo vya ukuta kwa kemikali. Ethanoli ilisaidia kwenye wanyama, ila ni kali kwa tishu. Ikafuata kemikali ya jamii ya sabuni iitwayo BigCHAP, kisha ndugu yake iliyotengenezwa maabara, Syn3. Syn3 haina jeni wala haitibu saratani. Kazi yake ni kulainisha kizuizi cha juu kwa muda ili virusi viingie, na kwenye wanyama iliruhusu hata seli ambazo kwa kawaida hazipokei kirusi vizuri zipokee. Kwangu mimi, kemikali hii isiyojulikana na watu ndiyo shujaa wa habari yote. Magazeti yaliandika kuhusu jeni. Sabuni haikupata hata mstari.

Mchanganyiko huo wa kirusi kisichozaliana, jeni ya interferoni alfa-2b, na Syn3, ndio nadofarajini firadenoveki, ambayo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha Desemba 2022 kwa wagonjwa wa hatari kubwa wenye saratani bapa ambao BCG haikuwasaidia. Mgonjwa hupewa mililita 75, kila mililita ikiwa na chembe bilioni 300 za kirusi, mara moja kila baada ya miezi mitatu. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya trilioni 22 kwa mmimino mmoja. Idadi hiyo peke yake inawaambia jinsi wachache wanavyopenya.

Matokeo? Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 103 walikuwa na saratani bapa. Ndani ya miezi mitatu, 55 kati yao, yaani asilimia 53.4, hawakuonekana tena na ugonjwa. Ilipofika mwaka mmoja, 25 kati ya hao 55 walikuwa bado hivyo. Wako wanaosoma namba hizi wakapiga makofi, na wako wanaosema robo tu ya walioanza ndio waliofika mwaka mzima. Wote wako sahihi. Kwa mtu aliyekwisha kuambiwa kibofu kinatolewa, nafasi ya mmoja katika wanne ya kufika mwaka bila ugonjwa si kitu cha kudharau. Na kwa mtafiti, zile robo tatu nyingine ndizo kazi iliyobaki.

Kwa nini inaisha nguvu? Sababu moja tunaijua bila kubahatisha: adenovirusi haibandiki jeni yake kwenye kromosomu za seli. Jeni inakaa pembeni, inafanya kazi kwa muda, kisha seli inachakaa na kung'oka na kiwanda chake. Kwa usalama hilo ni jema. Kwa uimara wa tiba ndiyo sababu mgonjwa anarudi kila robo mwaka.

Njia ya pili ya kuvumilia ufinyu wa mlango ni kutumia kirusi kinachozaliana. Kretostimojini ni adenovirusi iliyochokonolewa ili swichi ya kuzaliana kwake iwake tu kwenye seli ambazo breki ya kugawanyika iitwayo Rb imevunjika, jambo la kawaida katika saratani ya kibofu. Kikiingia seli moja mbaya, kinazaana, kinaipasua, na watoto wake wanaiendea ya pili. Kimebeba pia jeni ya protini inayoita kinga. Katika jaribio la BOND-003, lenye wagonjwa 110 ambao BCG iliwashindwa, takriban robo tatu walifikia hatua ya kutokuwa na dalili ya ugonjwa kwa wakati fulani. Na angalieni: hata kirusi hiki chenye uwezo wa kujizalisha kilihitaji kufunguliwa mlango. Kibofu huoshwa kwanza kwa kemikali nyingine ya jamii ya sabuni, DDM, kwa dakika chache kabla ya kirusi kumiminwa. Makundi mawili tofauti, virusi viwili tofauti, na yote mawili yaliishia kwenye sabuni.

Je, tunaweza kuachana na virusi kabisa? Jaribio moja linafundisha sana. Dawa ya BC-819, iliyotokana na kazi ya Abraham Hochberg wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, ilikuwa plasmidi, yaani duara la DNA tupu, iliyofungwa na kemikali ya polietilenimini. Ilibeba jeni ya sumu ya dondakoo chini ya swichi ya H19, ambayo huwaka kwenye uvimbe wa kibofu na kulala kwenye seli za kawaida za mtu mzima. Werevu mtupu. Lakini sumu hiyo iliwekwa sehemu yake ya A tu, na sehemu hiyo haiwezi kutoka kwenye seli moja ikaingia nyingine. Ni sawa kwa usalama. Ila tumerudi pale pale kwenye p53: seli isiyofikiwa haifi. Jaribio lake la mwisho lilisimamishwa mwaka 2019 kwa sababu hakukuwa na dalili kwamba lingefaulu. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema tu kwamba kama mngeniuliza kabla ya kuanza, wasiwasi wangu ungekuwa hapo.

Linganisheni na detalimojini, ambayo nayo ni plasmidi, na iko kwenye majaribio. Imefungwa kwa kitosani, sukari ndefu inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Kitosani hunata kwenye utando wenye ute na hulegeza vifungo kati ya seli, kwa hiyo kifungashio chenyewe ndicho kifungua mlango. Hakihitaji sabuni ya pembeni. Na jeni iliyochaguliwa ni ya intaleukini-12, protini inayomwagwa nje, ikifuatana na vipande vinavyoshtua kinga ya seli. Yaani waliotengeneza dawa hii wamechagua jeni inayovumilia kufika kwa wachache. Wakati utaamua kama imefaulu. Ila fikra iko mahali pake, na kutotumia kirusi hai kunapunguza mzigo wa kutengeneza na wa kujikinga hospitalini.

Suala la muda nitalipitia haraka, kwa sababu kazi nyingi bado si za jeni. Kuna jeli ya dawa ya mitomisini ambayo ni majimaji ikiwa baridi na huganda kwenye joto la mwili, kwa hiyo inashikilia dawa kwa saa nyingi badala ya moja. Imeshaidhinishwa kwa njia za juu za mkojo na, mwaka 2025, kwa kibofu. Kikundi cha Samuel Sánchez huko Barcelona kilichapisha mwaka 2024 vijichembe vyenye kimeng'enya cha ureasi ambavyo hutumia urea ya mkojo kama mafuta ya kujisukuma. Kwa panya, vikiwa vimebeba iodini yenye mionzi, vilipunguza uvimbe kwa asilimia 90. Hapo mkojo, adui yetu wa siku zote, umegeuzwa kuwa injini. Ningependa sana kuona mtu akiweka plasmidi juu ya kitu kama hicho.

Lakini nikisema panya, nasita. Kibofu cha panya kinabeba kama mililita 0.15. Analazwa kwa dawa ya usingizi na dawa inafungiwa ndani, hawezi kukojoa. Halafu, ili seli za saratani zishike kibofuni mwake, watafiti wengi huanza kwa kuukwaruza ukuta kwa asidi, kwa umeme au kwa kimeng'enya. Kwa hiyo tunapima uwezo wa kupenya ukuta kwa mnyama ambaye ukuta wake tumeshauvunja sisi wenyewe. Mnaoandika maandiko ya utafiti, tafadhali, kabla ya kusherehekea namba ya panya, ijaribuni kwenye kibofu kisichojeruhiwa, au kwenye kibofu cha nguruwe, ambacho kinakaribiana na chetu kwa ukubwa.

Na kwa majaribio ya binadamu nina lawama moja. Ripoti nyingi hutuambia uvimbe umeondoka au haujaondoka. Chache hutuambia jeni iliingia kwenye seli kiasi gani, kwa kina gani, kwa siku ngapi. Mgonjwa asipopona, hatujui kama jeni ilifika ikashindwa au haikufika kabisa. Hayo ni makosa mawili yenye dawa mbili tofauti. Protini inayomwagwa ina faida hata hapa, kwa kuwa inaweza kupimwa kwenye mkojo bila kumchoma mtu. Kipimo hicho kifanywe kwa kila mgonjwa, kila mmimino, na kichapishwe pamoja na matokeo.

Wauguzi, ninyi nimewaweka karibu na mwisho si kwa dharau. Sehemu kubwa ya ufikishaji iko mikononi mwenu. Mgonjwa apunguze maji kabla, ili figo zisizimue dawa. Kibofu kimwagwe chote. Mpira uingie bila kuumiza. Kukitokea damu, ahirisheni, maana ukuta uliochanika unafungua njia ya kwenda kwenye damu, na tumeona mwaka 1999 hilo linaweza kufika wapi. Dawa ya kutuliza mikazo ya kibofu itolewe mapema, ili saa ile moja isije ikawa dakika 20. Mgonjwa ageuzwe, chali, kifudifudi, kushoto, kulia, kwa sababu hewa hubaki juu na sehemu ya kibofu iliyo kwenye hewa haiguswi na dawa. Na kwa siku 2 baadaye mkojo utiwe dawa ya klorini kabla ya kumwagwa chooni. Hakuna mhandisi wa jeni anayeweza kufidia saa moja iliyosimamiwa vibaya.

Nimeulizwa mlangoni kuhusu kichocho. Kichocho cha mkojo cha muda mrefu huleta saratani ya kibofu, ila mara nyingi ni ya aina nyingine, ya seli bapa, tofauti na ile saratani bapa niliyoitaja, ambamo utando hugeuka mgumu na kuota tabaka kama la ngozi. Dawa nilizotaja zilijaribiwa kwa saratani ya utando wa kawaida wa mkojo. Ukuta ule mwingine unahitaji kusomwa upya, kipokezi kwa kipokezi, na huko kazi ni changa.

Kwa wagonjwa, jambo moja la mwisho. Tiba hizi zinavutia kwa sababu zinakuachia kibofu chako. Lakini saratani ya daraja la juu haingojei. Ikiingia kwenye msuli wakati unajaribu dawa ya pili, ya tatu, ya nne, umepoteza kile ambacho upasuaji ungekiokoa. Kabla mmimino wa kwanza haujaingia, kaa na daktari wako mkubaliane tarehe: siku gani kamera itaingia kuangalia, na ikionyesha ugonjwa upo, hatua gani inafuata na lini. Tarehe hiyo iandikwe kwenye faili, na nakala uwe nayo wewe.

Karibuni maswali.